Santuri ya Mama Kutoka Wales

Nyumbani kwetu Ibra, Oman, kila mtu mzima alikuwa na Unguja yake. Wageni wakija baada ya magharibi, kahawa na halua mbele yao, walizitaja njia za mji moja baada ya nyingine mpaka mmoja wao ajifute macho. Mama aliwamiminia kahawa na kusikiliza. Yeye Unguja aliiacha akali mtoto wa skuli. Alichokitamani kilikuwa kabatini, chini ya mashuka: santuri moja ya bendi ya roki ya Wales, kule alikokwenda usichanani kusomea uuguzi.

Siku ambazo baba alikwenda Dima wa Tayyin kuwatazama jamaa zake, mama aliitoa, akaifuta kwa kanga, akaiweka kwenye gramafoni. Wimbo mmoja ulikaribia kujaza upande mzima. Magitaa yalizunguka, yakapotea, yakaibuka kwengine kabisa, na waimbaji walisikika kwa nadra, kama watu wanaopita njia. Sisi watoto tulicheka. Mama aliendelea kupiga pasi dishdasha za baba. Baba mwenyewe hakuupenda muziki ule, lakini hakumkataza. Alitaka tu usifike kwa majirani.

Tulipohamia nyumba mpya, sanduku moja lilisahauliwa uani kwenye jua, na santuri ikajikunja kama chapati. Mama aliitazama, akairudisha ndani ya jalada lake. Miaka mingi ikapita bila ya kuitaja.

Mwaka juzi nilimpandisha mama mlima wa Jabal Akhdar kwa gari. Mimi sasa naishi Nizwa, baba ameshafariki, na mama alitaka hewa ya baridi. Mvua ilitukuta karibu na mashamba ya mawaridi, ukungu ukashuka mpaka barabarani. Nilikuwa nimeitafuta albamu ile kwenye simu, nikaiwasha bila ya kumwambia. Gitaa la kwanza halijamaliza, akasema, "Simamisha gari, mwanangu."

Niliogopa nimemuudhi. Akashusha kioo, akatoa mkono nje kwenye mvua, ndipo akanieleza. Hospitali ya kule Wales ilimtaka abaki. Alikuwa na chumba chake, dirisha linatazama mlima, na wauguzi wawili, wasichana wenzake, walikuja siku za mapumziko na santuri zao, wakala mkate na siagi wakicheka mpaka mwenye nyumba agonge ukuta. Kisha babu akampelekea habari kwamba jamaa wote wanarudi Oman, na yeye aje. Akaja.

"Watu husema tulirudi," alisema. "Mimi sikurudi. Oman nilikuwa sijapata kuiona. Nilikuja."

Nilimuuliza kama alijuta. Akasema hapana, asingetupata sisi, na baba alikuwa mtu mwema. Upande ule ulipokwisha, akaniomba niuanze tena.

Tulipokuwa tunateremka nilimwambia nitampeleka Wales. Alinishika mkono.

"Nitakuta wazee tu," alisema. "Mimi nawataka wale wasichana."

Nilianza hata hivyo kutazama tiketi. Lakini magoti yalimzidi, hata safari ya gari ya Ibra mpaka Sur ikawa inamchosha, na nikaacha. Juzi nilimuuliza jina la mtaa aliokaa kule Wales. Alifikiri sana, akasema limemtoka. Tangu siku ile naota mji ambao sijapata kuukanyaga, na sina wa kumuuliza njia.