Hadithi Niliyoiita Mahari Pangu

Mihogo iliyolowekwa siku nne ina harufu chachu inayoshika hadi kwenye nguo, na nyuma ya nyumba yetu huko Makere ndiko mama alikokuwa akiianika, juu ya kichanja cha matete. Nilikuwa kidato cha pili. Tulikuwa watu tisa katika vyumba vitatu, na mimi nilikuwa mtu wa kuandika kila siku kwenye daftari, mambo madogo tu, nani kanuna, mvua imenyesha au imetupita. Nikikaa jikoni, mama ananiinua apate kupepeta maharage. Nikikaa mlangoni, wageni. Baba ndiye aliyefagia chini ya kile kichanja, akaweka kigogo cha kukalia, akaniambia, "Mwana wanje, hapa ni mahari pako." Mwana wanje kwetu ni mwanangu; na neno mahali alilitamka hivyo, kama nyumbani wote tulivyolitamka. Babu na bibi walitoka Burundi; sisi tulishapata uraia, ila ulimi ulibaki wa kule, na L ikipita kwetu hutoka R. Kile anachotoa mwanamume akitaka kuoa tunakiita inkwano. Kwa hiyo neno mahari halikuwa na kazi nyingine kichwani mwangu. Kama niliwahi kulisikia kwa maana yake, lilinipita.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Madam Zuhura, alikuwa mtu wa Tanga, amepangiwa huku na serikali. Siku moja akatangaza mashindano ya kuandika hadithi kwa shule za sekondari, kila shule ipeleke moja. "Andikeni mnachokijua," alisema. Mimi nilijua kile kichanja. Nikaandika kurasa mbili, nikaziita Mahari Pangu. Mwanzo wake naukumbuka: "Baba amenitafutia mahari. Pa kwanza palikuwa padogo, mama akakataa. Sasa amepata mahari pazuri, na mimi naenda kukaa huko peke yangu." Ngeli ndizo zilizokuwa zikituangusha darasani kila siku, na Madam akaona ni makosa yaleyale. Akasahihisha kwa kalamu nyekundu, pangu ikawa yangu, padogo ikawa ndogo, kisha akainakili upya kwa mwandiko wake, kwa sababu wangu ulikuwa mbaya. Nakala ile mimi sikuiona. Aliniita tu ofisini, akasema, "Spesioza, umekuwa jasiri. Wengi huku wanaogopa kusema." Nikajibu, "Ndiyo, madam." Nilidhani ujasiri wenyewe ni kukiri kwamba sipendi kukaa na watu.

Fainali ilifanyika Kibondo, kwenye ukumbi wa shule moja. Baba alikuja na koti lake la kanisani. Nilipoitwa mbele kusoma, sauti haikutoka, na mmoja wa majaji, mama mwenye miwani, akachukua karatasi anisomee. "Mahari Yangu," akaanza. "Baba amenitafutia mahari. Ya kwanza ilikuwa ndogo, mama akakataa. Sasa amepata mahari nzuri, na mimi naenda kukaa huko peke yangu." Mtu wa mstari wa mbele akanong'ona, "Huyu ana miaka mingapi?" Mwenzake akasema, "Wazazi wa huku, bwana." Nikaelewa pale pale, nimesimama pembeni ya yule mama, kwamba wao wanasikia inkwano. Sentensi moja ingetosha: ni L, si R. Sikuisema. Woga ulikuwepo, lakini nisijifiche nyuma yake. Majaji walishaanza kunong'onezana kwamba mimi ndiye wa kwanza, na nilikuwa nautaka ule ushindi. Sikuwahi kuwa wa kwanza kwa kitu chochote.

Waliponitangaza, yule mama akamwita baba mbele. "Mzee, una neno gani kwa binti yako, mbele ya hawa wote?" Baba akavua kofia. "Nashukuru sana," alisema. "Mahari niripompatia ni padogo, najua. Nikishavuna nitamtafutia mahari pakubwa kuriko pare." Wengine walicheka, wengine wakasonya. Baba naye akacheka, akidhani amewafurahisha. Njia nzima ya kurudi alishika cheti changu kwa mikono miwili, kisije kikakunjika.

Habari ilifika Makere baada ya siku chache. Shuleni wakanianza, "Spe, ng'ombe wako wameshafika?" Halafu mtendaji wa kijiji akamwita baba ofisini, aeleze kwa nini anaoza mwanafunzi. Kwa watu kama sisi kuitwa ofisini si jambo jepesi. Mama alitoa karatasi za uraia sandukuni, akamtilia baba mfukoni. Hapo ndipo nilipoandika yote, nikampelekea Madam, maana kwa mdomo nisingeweza. Alisoma, akatafuta nakala yangu ya kwanza, akaisoma nayo, kisha akashika paji la uso. "Kwa nini hukusema siku ile?" "Niliogopa, madam." Akazikunja karatasi. "Na mimi sikukuuliza." Akaenda na baba kwa mtendaji, nami nikawafuata hadi mlangoni. Jambo liliisha upesi. Mtendaji alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe mahali! Mzee, hebu sema ma-ha-li." Baba akasema, "Mahari." "Li." "Ri." Wakacheka tena, hata Madam, bila ubaya wowote. Baba hakucheka. Alikuwa ameshika kofia, akiangalia midomo yao mmoja mmoja.

Sasa nipo kidato cha tano, Kasulu, na L yangu imenyooka. Nilijifunza kwa kujisomea kwa sauti, mwaka mzima. Nimesoma risala kwenye mahafali na sauti haikukatika. Baba ndiye aliyepunguza kusema. Zamani sokoni alikuwa akibishana bei ya maharage na wafanyabiashara wa kutoka Mwanza, anawatania, wanamtania. Siku hizi anawaachia mama. Nyumbani kwa lugha yetu anaongea kama kawaida, ila akiingia mtu wa Kiswahili anakuwa kama amekumbuka kazi shambani. Niliwahi kumuuliza kama ni kwa sababu yangu. "Nimechoka tu, mwana wanje," akasema, na mimi nikaikubali hiyo, kwa kuwa nami nilikuwa nimechoka kuuliza.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kwenye ofisi moja hapa Kasulu kufuatilia kitambulisho chake cha taifa. Karani, kijana tu, akamuuliza, "Mzee, jina lako?" Jina lake mwenyewe. Baba akanigeukia, nikalitaja. "Anaishi wapi?" Nikajibu. "Anafanya kazi gani?" Nikajibu. Karani akaacha kuandika, akaniangalia. "Binti, una Kiswahili kizuri. Kwani nyinyi ni watu wa wapi?" Baba alikuwa anaangalia viatu vyake, akisubiri nijibu na hilo.