Dada Yangu na Pikipiki ya Marehemu

Dada yangu ni mshonaji wa sare za shule, ana miaka hamsini na mbili, na mwaka jana aliamua kushindana mbio za pikipiki. Chanzo ni filamu. Alikwenda kuitazama na mashoga zake: kijana asiye na mbele wala nyuma anafufua pikipiki mbovu, anachekwa, mwishowe anawashinda wote. Mashoga walirudi makwao. Dada akaja gereji kwangu.

“Mdogo wangu, pikipiki ya marehemu shemeji yako inawaka?”

“Inawaka ikitaka.”

“Basi ifanye itake.”

Nikabadilisha klachi na breki. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alizunguka uwanja wa mpira, na kila asubuhi aliniletea kiwiko kilichochubuka.

“Kona hukati huku umeshika breki ya mbele, Dada.”

“Yule wa kwenye filamu alikata.”

“Yule akianguka wanarudia kupiga picha.”

Binti yake akanifuata. “Mjomba, mwambie mama aache.”

“Nimesema mpaka koo limekauka. Sikio la kufa halisikii dawa.”

“Mbona unamfungia tairi jipya?”

Kama hazuiliki, angalau asiteleze.

Alhamisi ya wiki ya mbio nilimwambia aiache pikipiki nikaze cheni. Nilikwenda kunawa mikono, nikarudi nikakuta ameshaondoka nayo.

Jumapili walijipanga kumi na mmoja. Dada alivaa suti aliyojishonea kwa kitambaa cha kaptura za wanafunzi, magotini ameweka tabaka tatu. Mzunguko wa pili, cheni ikachomoka. Nikampigia kelele atoke. Akapiga magoti pembeni ya njia, akairudisha kwa mikono mitupu, jino baada ya jino, kama nilivyomwonyesha siku moja gereji nikidhani hanisikilizi. Wenzake walimpita mara mbili. Alipomaliza mizunguko yote minane, washindi walikuwa wameshapewa vikombe na watu wanakunja kamba za uwanja.

Akazima injini, mikono myeusi kwa grisi.

“Cheni yako ilikuwa imelegea,” akaniambia.

Cheni yangu! Tuligombana njia nzima, yeye akisema fundi ni mimi, mimi nikimkumbusha Alhamisi. Hasira zilinishika hata nikasahau kumpongeza. Nilimpongeza Jumanne, kwa simu.

“Asante,” akasema. “Nina mteja, nampima kiuno.”

Akakata.