Dereva Aliyepeleka Wageni kwa Mama Yake

Udereva wa watalii ni kazi ya kujitia hamnazo. Mgeni akiuliza kama pundamilia huzaliwa na mistari yake, unamjibu kana kwamba swali hilo halijawahi kuulizwa tangu dunia iumbwe. Akitania, unacheka; asipochekesha lakini akadhani amechekesha, unacheka zaidi. Dereva wetu huyu aliiweza kazi hiyo barabara. Kila asubuhi aliosha gari kwa sabuni ya unga, akafuta vioo kwa gazeti kuukuu, akakung'uta mazulia ya miguuni ukutani, kisha akavaa shati la kampuni na sura ya mtu asiye na lake. Sura hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Kampuni ilitaka kuanzisha safari mpya. Watu wa mjini waliochoshwa na ofisi na foleni wangepelekwa kwa wafugaji kutwa nzima, wakakamue, wachunge, waonje maisha ya ng'ombe. Bosi akauliza nani anajua mahali pazuri. Dereva alipajua mahali pamoja tu kwa undani, napo ni kwao. Taabu ni kwamba kampuni ilikuwa imetoka kumfukuza mpishi kwa sababu ya kununua mboga kwa shangazi yake, na bosi aliapa mbele ya wafanyakazi wote kwamba hataki tena kusikia habari za undugu kazini. Basi dereva akasema, "Nimesikia kuna boma moja kule bondeni. Watu wake wakarimu, wanasema." Eti amesikia! Boma alimozaliwa, akalia, akachapwa, akatoroka shule mara kadhaa akidai ndama amepotea.

Kaka yake mkubwa, aliyebaki na mifugo, alikubali kuigiza bila ubishi, maana faida ilikuwa ya nyumba nzima. Aliyekataa ni mama yao. Siku ya kwanza dereva aliposhuka na wageni, alimwendea, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, bibi." Mama aligeuka kutazama nyuma yake, aone huyo bibi ni nani. Alipogundua ni yeye, aliingia ndani akafunga mlango. Baadaye kaka mtu akamweleza kwamba ni mambo ya kazi tu, wala si dharau. Mama akasema kazi ya kumkana mtu haijui, na akiwa hai hatatoka nje kuicheza. Tangu siku hiyo kila gari lilipofika, mlango wake ulifungwa.

Dereva naye alianza kuchanganyikiwa. Aliwaonyesha wageni uzio alioujenga kwa mikono yake na kuwaambia, "Watu hawa hufunga nguzo kwa ngozi." Watu hawa! Aliwaeleza kwamba watu hawa huamka alfajiri, kwamba watu hawa hawampigi ng'ombe mwenye mimba. Usiku akirudi kwenye chumba chake cha kupanga alijikuta akiwaza, hivi ni kweli tunafunga kwa ngozi, au mimi ndiye nimeanza kuyasikiliza maelezo yangu mwenyewe? Alikuwa amesimulia mara nyingi mno hata hakumbuki tena kipi alikiishi na kipi alikitunga barabarani.

Siku ya kisa chenyewe alikuwa amepakia wageni wachangamfu kupita kiasi. Alikuwamo mwalimu mstaafu mwenye kofia pana, aliyesahihisha kila mtu, na maharusi wapya waliopiga picha hata matairi. Mbele alikaa msimamizi wa safari, kijana mwenye saa kubwa mkononi, ambaye madereva walimbandika jina la Ratiba. Ratiba hakujua kama ng'ombe ana meno ya juu au hana, ila alijua dakika ambayo ng'ombe anatakiwa kukamuliwa.

Walipofika, wageni wakapelekwa kuona ndama. Kaka mtu akamvuta dereva nyuma ya gari.

"Yule ng'ombe wako, Mwekundu, kazaa ndama jike," alisema.

"Loo! Hongera zetu."

"Zetu? Sikiliza, mdogo wangu. Mwaka wa ngapi huu hujamwita? Mimi ndiye ninayeamka na mvua. Mimi ndiye niliyekesha naye akizaa. Leo utamwita, nami nione. Asipokuja, yeye na uzao wake ni wangu. Ndivyo alivyosema mzee."

Ndivyo kweli. Marehemu baba yao alimpa kila mtoto ndama mmoja wa kuanzia maisha, na kila mtoto alitakiwa kubuni mwito wake, usiofanana na wa mwingine. Ng'ombe anayeitika mwito wako ni wako, hata ukikaa mbali. Akiacha kuitika, ni wa yule anayemchunga. Hakukuwa na maandishi wala shahidi, masikio ya ng'ombe ndiyo yaliyoamua. Na ambaye hana ng'ombe hata mmoja wa kumwitikia hakuhesabiwa tena kuwa na sehemu katika zizi lile.

"Nimwite mbele ya wageni?" dereva alinong'ona. "Akija, si Ratiba atajua hapa ni kwetu? Nitafukuzwa."

"Na asipokuja?"

Dereva alichungulia waliko wageni.

"Basi njoo siku nyingine, bila wageni," kaka alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Lakini wewe huji bila wageni."

Hilo lilimchoma. Alibaki kupangusa taa ya nyuma ya gari ambayo haikuwa na vumbi.

Mchana ukafika wakati wa wageni kuita ng'ombe. Huo ulikuwa mchezo waliopenda kuliko yote. Ng'ombe walikuwa wametawanyika mteremkoni, na kila mgeni alisimama penye uzio akapaza sauti apendavyo. Bwana harusi alipiga mluzi. Bibi harusi akaita, "Njooni jamani!" kama anayewaita majirani chakulani. Mwalimu mstaafu alipiga makofi, akawaambia kwa ukali wasogee mbele, wasimame mstari. Ng'ombe hawakuinua hata vichwa. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Ndipo mwalimu akageuka. "Na dereva ajaribu! Tangu asubuhi anatufundisha tu, naye tumwone."

"Ajaribu, ajaribu!" wenzake wakaitikia.

"Dakika mbili tu," alisema Ratiba.

Kaka mtu aliegemea nguzo, akakunja mikono, macho yake kwa ng'ombe mwekundu aliyekuwa pembeni na ndama wake, akila majani.

Dereva alisogea kwenye uzio. Alitaka Mwekundu aje, alimtaka kwa roho yake yote, na hapohapo alikuwa akimwomba kimoyomoyo, usije, Mwekundu, usinitie matatani. Alifikiria kuuharibu mwito kidogo ili asije, kisha akaona huo utakuwa uhaini wa aina yake. Mwisho akakata shauri la kutofikiri. Aliweka vidole mdomoni, akapiga miluzi miwili mifupi, kisha akaachia ule ukelele wake mrefu unaopanda na kushuka mwishoni. Alishangaa koo lake lilivyoukumbuka.

Mwekundu aliinua kichwa. Alitazama upande wao, masikio wima. Kisha akakiinamisha, akaendelea kula.

Wageni wakalipuka kwa vicheko. "Kumbe nawe hujui lolote!" mwalimu akamwambia, na Ratiba akampigapiga mgongoni. Kazi yake ilikuwa imenusurika. Dereva alijaribu kucheka pamoja nao, midomo ikakataa. Hakuwahi kuhisi ukiwa wa namna ile tangu wamzike baba yake.

Nyuma yao mlango ukafunguliwa.

Mama alitoka na kikombe cha maji. Enzi zile, mtoto yeyote alipopiga mwito wa kurudisha ng'ombe, mama alimtambua kwa sauti tu, akamlaki uzioni na maji ya kunywa kabla hajaulizwa kitu. Alikatiza katikati ya wageni kana kwamba ni kuku wametapakaa uani, akamfikia dereva, akampa kikombe.

"Kunywa, kitindamimba wangu," alisema. "Umerudi?"

Dereva akanywa. Na katika kule kunywa akamwona Mwekundu akija taratibu, ndama nyuma yake, moja kwa moja hadi uzioni, akamnusa mama mkono.

"Huyu bibi umempanga lini?" Ratiba alimnong'oneza, macho yaking'aa. "Mbona hukuniambia?"

"Sijampanga," dereva alisema, na safari hii alisema kwa sauti, wote wasikie. "Ni mama yangu. Mama aliyenizaa. Hapa ni kwetu."

Alikwishajiandaa kwa lolote.

"Safi sana!" alisema Ratiba. "Hivyohivyo, usibadilishe hata neno. Tunaliweka kila safari."

"Lakini nasema kweli!"

"Ndiyo, na uso uwe huohuo."

Mwalimu mstaafu alikuwa akilia waziwazi. Alisema watu hawa wana upendo wa ajabu, hadi dereva wanampokea kama mtoto, na akaomba yeye naye apokelewe. Maharusi wakajipanga nyuma yake. Mama aliwakumbatia mmoja mmoja, maana hakuwa mchoyo, kisha akamgeukia mwanawe mkubwa. "Hawa nao ni wa nani?" aliuliza.

Dereva alimwendea kaka yake. "Umeona? Kaja."

"Kamfuata mama," kaka alisema. "Ndiye anayemkamua."

"Aliinua kichwa nilipoita."

"Kisha akala majani."

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa na uhakika, na uso wa kaka ulionyesha kwamba naye angependa kuambiwa la kuamini. Mzee angekuwepo angewaambia, lakini mzee hakuwepo.

Ratiba akatangaza muda umekwisha. Wageni wakapanda, wakafungua madirisha, wakapunga mikono. Dereva alikaa kwenye usukani, akawasha gari. Alipotaka kufunga mlango wake, ukakataa. Mama alikuwa ameushika.

"Hawa wanakwenda kwao," alisema. "Wewe unakwenda wapi?"

Swali jepesi hilo, lakini aliona aibu, aibu ya kweli, machozi yakamlenga mbele ya watu.

"Nitakuja, mama. Siku yangu ya mapumziko."

"Utakuja na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako si uko hapa?" mama alisema. "Shuka."

Nyuma ya gari mwalimu mstaafu aliuliza kama na hili limo kwenye ratiba. Kijana mwenye saa kubwa alitazama saa yake, akamtazama mama, akamtazama dereva. Dereva akazima gari, akashuka.