Gitaa Nililoliziba Kama Boti

Mwanangu, kuna siku moja ya Nchelenge ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Nilikuwa kijana, fundi wa kuziba boti za mbao kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, upande wa Zambia, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Ukiniuliza kama najua jambo fulani, nilijibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza.

Mama Ngoie alikuwa mjane, mfanyabiashara wa samaki wakavu aliyevuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita. Aliniletea gitaa la zamani la marehemu mumewe, ubao wake wa juu umepasuka. Binti yao alikuwa anaolewa Jumamosi, na mama alitaka gitaa hilo limwingize kanisani, kwa kuwa baba mwenyewe hayupo.

Nikalitengeneza kwa ujuzi niliokuwa nao. Nilishindilia pamba kwenye ufa, nikamwaga lami, nikapigilia kipande cha mbao kwa ndani kwa misumari, kisha nikapaka vanishi mpaka likang'aa. Nilijipongeza, usinicheke.

Alhamisi nililipeleka uani kwake. Papa Ilunga, mzee wa kijiji cha Puta, Mkongo mwenzake, ambaye ndiye angepiga harusini, alikuwa amekuja kulijaribu. Akagusa nyuzi. Likatoa mlio wa ndoo iliyojaa mchanga.

"Sauti ya bwana yangu iko wapi?" Mama Ngoie akauliza.

Hapo, mwanangu, nikadanganya. Nilisema maji yaliingia ndani siku walipovuka ziwa.

Mama Ngoie akakaa chini. "Njo miye," akasema, yaani kosa ni lake. "Nilifunika bunga ya kula, gitare nikaiacha mu mvua." Akaanza kulia. Nikamtazama akilia kwa kosa langu, na mdomo sikuufungua.

Papa Ilunga hakuwa na haraka. Alilishika gitaa usawa wa jicho, akatazama shingo yake mwanzo hadi mwisho. Akagonga ubao kwa kidole: upande mmoja uliitika, wa pili ukanyamaza. Akanusa kwenye tundu, kisha akaingiza vidole na kupapasa ndani.

"Mayi haipigake misumari," akasema taratibu, yaani maji hayapigi misumari. Alikuwa anatazama kucha zangu, nyeusi kwa lami.

Nikakiri. Nilitegemea matusi, na yangekuwa halali yangu. Mzee akanisogezea kigoda.

"Mutoto yangu, bwato unaiziba juu mayi isiingie. Gitare, mbao yake inapashwa kutetemeka. Sasa weye uliifunga kinywa. Juu ya nini haukuuliza?"

Nilimpigia Mama Ngoie magoti nikaomba msamaha. Akatuletea makaa ya kupashia kisu moto.

Tulikwangua lami siku ile na kesho yake yote. Misumari tuliing'oa mmoja mmoja, roho yangu ikiuma kwa kila tundu. Papa Ilunga alichonga kibanzi chembamba sana, tukakibandika kwa gundi chini ya ufa. Nilipotaka kupaka vanishi tena, akanizuia. Kovu lionekane, alisema, ili fundi atakayefuata ajue pa kuanzia.

Jumamosi likapigwa. Sauti ilikuwa na mikwaruzo kidogo, na nadhani haikurudi yote. Mama Ngoie alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Iko na mafua," akaniambia, akicheka na kulia. "Lakini ni yeye."

Basi, mwanangu, kazi usiyoijua sema huijui, wala usione haya kuuliza. Na ukiharibu, sema upesi, kabla mwingine hajaanza kujilaumu kwa ajili yako. Lami ile niliikwangua ikatoka. Zile dakika chache nilizomwacha mjane alie bure, hizo bado ninazo.

Mungu akubariki, akupe mikono mizuri na ulimi mwepesi wa kuuliza. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akukutanishe na mtu atakayekusogezea kigoda.