Kiatu cha Shemeji

Kati ya walionikosea, mchungaji wetu ndiye wa kwanza. Naanza na yeye kwa sababu mengine yote yalitoka mdomoni mwake, na kwa sababu anapenda kutajwa wa kwanza. Jina sitaji. Waliosali nasi kwenye ule ukumbi wa kukodi Riverdale Park, huku Marekani, wanamjua, na wasiomjua hawajakosa kitu.

Alitufundisha kwamba sisi ni Waebrania. Si kwa mfano, ni kwa damu. Mababu zetu wa magharibi ya Kenya, alisema, walitoka Misri wakaufuata Mto Nile mpaka ziwani, na ushahidi ni mila zetu: tunatahiri, mwanamke aliyejifungua anakaa pembeni, na ndugu anarithi mke wa marehemu. Mimi shule niliishia darasa la saba. Tangu nije Marekani kazi yangu ni kuwageuza wazee vitandani na kuwaosha. Halafu Jumamosi moja mtu mwenye suti ananiambia natokana na Ibrahimu. Nani angekataa? Mume wangu alishona vishada vya nyuzi kwenye pindo za shati lake la kanisani, kama Torati inavyoagiza. Nguruwe tukaacha. Binti yetu alikataa kuacha soseji za shuleni, babake akamnunia wiki nzima.

Mume wangu akafa kwa kiharusi, mchana kweupe, kwenye kituo cha petroli. Tukamsafirisha, tukamzika kwao, tukarudi.

Wa pili ni shemeji yangu wa Germantown, mdogo wa marehemu. Nyumba tuliyokuwa tukikaa iliandikwa kwa majina ya hao ndugu wawili, maana mume wangu aliamini damu yake kuliko mke wake. Tuliporudi kutoka mazishini shemeji alianza kuja kila mara kuangalia bomba na kuangalia paa. Akimaliza kuangalia paa ananiangalia mimi.

Wakaja pamoja siku moja baada ya ibada: mchungaji, shemeji, na mama mmoja wa kwaya, huyu ndiye wa tatu. Mama mkwe wangu, wa nne, alikuwa kwenye simu iliyowekwa juu ya meza, akikohoa kutoka nyumbani.

"Mama, umeomboleza vya kutosha," mchungaji akasema. "Torati inakataza mke wa marehemu kuolewa nje. Ndugu yake amchukue, ainue jina la marehemu."

"Huyu ana mke Kenya," nikasema.

"Yakobo alikuwa na wangapi?" shemeji akacheka. "Shem, mimi si mgeni kwako. Chai yako naijua, pilau yako naijua."

"Shukuru Mungu, dada," yule wa kwaya akaongeza. "Sisi wengine hata wa kuazima hatupati."

Mama mkwe akasema kwenye simu kwamba nikikataa nitoke kwenye nyumba ya mwanawe. Wakanipa mpaka Jumamosi inayofuata.

Wakati huo nilikuwa namtunza bibi mmoja wa Kiyahudi, mjane kama mimi, aliyewahi kufundisha watoto katika sinagogi lao. Jumatatu nikiwa namwogesha akanishika mkono.

"Leo unanisugua kama sufuria. Nani amekukosea?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku povu likimkaukia mabegani, kisha akauliza swali moja tu.

"Ulizaa na marehemu?"

"Msichana."

"Basi hiyo sheria haikuhusu. Ni ya mtu aliyekufa bila mtoto. Ukiwa na mtoto, shemeji yako kwako ni haramu."

"Hata mtoto wa kike?"

"Kwetu anahesabika. Walimu wetu walishalimaliza hilo zamani sana."

Siku zile zilizofuata alinisimulia mambo ambayo mchungaji hakuwahi kuyagusa. Watu wake, alisema, walianza kama koo ndogo za wachungaji na wakulima wa vilimani, kila ukoo na kipande chake cha ardhi, na mtu akifa bila mtoto jina lake lilifutika pale na ardhi ikakosa mwenyewe. Ndiyo maana ya ile sheria. Kulikuwa na mlango wa kutokea pia: ndugu akikataa, mjane alimvua kiatu mbele ya wazee, akatema mate, na wote wawili wakawa huru. Baadaye walimu wao wakaona heri kiatu kuliko ile ndoa.

Nikamuuliza walitoka wapi hasa. Akacheka. Neno Mwebrania, alisema, wengi wanadhani maana yake ni mtu aliyevuka kutoka ng'ambo. Kitabu kinasema Ibrahimu alitoka mbali, upande wa mto mkubwa. Lakini wako wanaochimba udongo wanaosema wengi wa mababu zake hawakutoka popote, walikuwa maskini wa Kanaani waliopanda vilimani. "Mimi mwenyewe sijui," akasema. Nilitazama juu niliposikia hivyo. Mwenye ukoo hana uhakika, na mchungaji wangu anayo safari yetu yote kituo kwa kituo.

Akanisimulia pia habari za Yuda, ambaye Wayahudi wamechukua jina lake. Alimzungusha Tamari, mjane wa mwanawe, akamficha mwanawe mdogo asimwoe, na alipoumbuliwa alisema mbele ya watu kwamba mwanamke ana haki kuliko yeye. "Sisi tunaitwa kwa jina la huyo," bibi akasema. "Kwa kosa lake na kwa kukiri kwake."

Jumamosi walipokuja, mama mkwe akiwa kwenye simu tena, niliwaambia kwamba nina mtoto, kwa hiyo sheria hainihusu. Mchungaji akauliza nimesikia wapi. Nikamwambia.

"Hao si Waebrania wa kweli," akasema. "Waebrania ni sisi."

Huyo bibi mababu zake wamefukuzwa nchi ngapi kwa sababu ya kuwa wao, na huyu wa ukumbi wa kukodi anamfuta kwa sentensi moja.

"Na mtoto ninaye," nikarudia.

"Msichana si mwana, mama. Msichana hainui jina."

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi. Tukimsemesha Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, lakini anakisikia chote.

Nikasimama, nikaenda mbele ya shemeji, nikapiga magoti. Mama wa kwaya akapiga kigelegele. Mama mkwe kwenye simu akaitikia, na shemeji akaninyooshea mkono kama askofu. Nikaanza kumfungua kamba za kiatu.

"Shem, vipi? Mguu hauumi."

Nikavuta kiatu kikatoka. Kilikuwa cha michezo, kipya, na soksi ilikuwa na tundu.

"Ikiwa sina mtoto," nikamwambia mchungaji, "basi na hili la kiatu ni langu. Limo kwenye Torati yako."

"Kiatu ni cha mwanamume anayekataa!" mchungaji akasema. "Huyu amekubali!"

Hapo ndipo nikajua kwamba alikuwa ameisoma ile sheria. Aliijua yote, na mahali panapotaja mtoto alipajua pia. Mate sikutema, zulia nalisafisha mwenyewe.

Nyumba walituchukulia. Shemeji alishinda kwenye mahakama ya Upper Marlboro, mchungaji akatangaza jina langu kama jina la mwasi, na mama wa kwaya akiniona dukani anageukia rafu ya unga. Hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba nilikuwa na haki. Sasa tunakaa chumba na sebule, na sirithiwi na mtu.

Juzi binti yangu alikuwa akikunja nguo za babake ambazo sijagawa. Akafika kwenye lile shati la vishada. Akaniuliza, kwa Kiswahili, ambacho hakitumii kwangu hata akiumwa:

"Baba naye aliamini hivyo? Kwamba mimi sihesabiki?"

Mume wangu alimsikiliza yule mtu kila Jumamosi akiitikia amina. Miaka yake ya mwisho aliniomba mtoto wa kiume mpaka tukagombana. Nilikuwa na majibu mengi.

"Hapana," nikamwambia. "Baba alikuhesabu."

Akaendelea kukunja. Sijui kama ni kweli, na aliyenifanya nisijue namjua: ni yule wa kwanza.