Bibi Niliyemruka Kwenye Orodha

Ninafundisha programu za kompyuta mjini Morogoro, na darasa jipya huwa nalianza polepole. Unapotangaza orodha, nawaambia, unaipa jina, unasema itabeba vitu vya aina gani, kisha unaiunda. Inazaliwa tupu. Orodha ya wanachama hupokea wanachama tu; unawaongeza mmoja mmoja, nao hukaa walivyofuatana. Wa kwanza yuko nafasi ya sifuri, na msishangae: namba hiyo inasema ametanguliwa na wangapi, na yeye hajatanguliwa na mtu.

Nilijua hayo yote nilipokiandikia programu kikundi cha wakulima huko juu ya Bigwa. Kazi yake ilikuwa ndogo: miche ya karafuu ikifika, ipitie orodha na kumtumia kila mwanachama ujumbe wa simu aje kuchukua. Katibu alinisomea majina kuanzia mkubwa kwa umri, maana kwao humtaji kijana kabla ya bibi. Mwishoni nikaongeza namba yangu ya simu, ya kujaribia. Daftari la katibu lilianza na moja. Nami, macho yakiwa kwenye daftari, nikaiamuru programu ianze na moja. Ujumbe ukanifikia. Nikaridhika.

Masika yalipokwisha, katibu aliniambia kuwa bibi aliye mkubwa kuliko wote hakuja kuchukua miche, na mkutanoni haonekani tena. Nilifungua programu nikaliona kosa palepale. Kulirekebisha hakukuchukua hata dakika.

Nilipanda kwake. Mashimo aliyochimba kwa ajili ya karafuu alikuwa ameyapanda magimbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si yule wa kompyuta?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kuomba radhi. Ujumbe hukuupata kwa kosa langu. Programu niliianzisha kwa mtu wa pili."

"Mimi nilijua wamenipigia hesabu. Karafuu inataka miaka mingapi, na mimi nimebakiza mingapi?"

"Hapana, bibi. Wewe ndiye uliyeandikwa wa kwanza."

"Kumbe mlinitanguliza ili mniruke vizuri." Alicheka kidogo, akaacha. "Majirani walipita hapa na miche kichwani, nikawapa hongera. Wao wakadhani nimekataa, mimi nikadhani nimekataliwa. Usiniambie mimi peke yangu, mjukuu wangu. Ukayaseme mkutanoni."

Nikaenda kuyasema. Nilianza kueleza habari za sifuri na moja, taratibu kama darasani, hadi nikahisi ninajificha nyuma ya maelezo.

"Kikundi hakikumruka bibi," nikasema. "Nilimruka mimi."

Alikuwa amekaa benchi la mbele. Akauliza miche mingine inafika lini.

"Masika yajayo," katibu akajibu.

Bibi akaitikia kwa kichwa. Mimi ndiye niliyeshindwa kuinua uso.