Mzee Bisibisi na Mhandisi wa Ngozi

Mganga mkuu wetu hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Tulimweleza: Mzee Bisibisi ni mhandisi wa vifaa tiba, miaka ishirini na sita anafungua na kufunga mashine za hospitali hii. Binti uliyemleta ni mhandisi wa bayolojia; amesomea chembe hai, namna ya kuotesha ngozi ya walioungua. Akajibu kwamba mhandisi ni mhandisi. Mzee akatupwa stoo ya mashuka, na barua juu: akigusa mashine, kazi hana. Binti akapewa mwezi wa majaribio. Akishindwa, Mzee arudi.

Mzee alimchukia waziwazi.

"Shikamoo, baba," binti humwamkia kila asubuhi.

"Kaoteshe ngozi." Hiyo ndiyo marahaba yake.

Na mimi, nesi wa watoto njiti, sikumpenda. Nasema kweli.

Zikiwa zimebaki siku mbili, mashine yetu pekee ya joto ilionyesha mtoto ana baridi, ikazidi kupasha. Nilipomgusa, anachemka! Nikamtoa, nikamkumbatia: kilo moja na robo, mama yake bado yuko chumba cha upasuaji. Binti akaitwa, akafungua kifuniko, akatazama nyaya, akaanza kulia.

Mzee akaja, akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Usiguse," mganga mkuu, aliyekuja na binti, akamwambia.

Angenyamaza tu, kazi ingerudi kwake. Mungu anisamehe, nilimwombea anyamaze, huku kitoto kikianza kupoa mikononi mwangu.

"We mama wa ngozi!" Mzee akafoka. "Machozi hayatengenezi mashine. Hiyo nzima, inadanganywa na ule waya mwembamba unaopima joto la mtoto. Nyuma ya mashuka yangu kuna mashine mbovu kama hii, waya wake mzima. Kauchukue." Binti akakimbia, akarudi nao. "Haya. Chomoa huo, chomeka huu. Siyo hapo, mjinga! Kushoto!"

Namba zikapanda, zikatulia zilipotakiwa. Nikamrudisha mtoto.

"Si niliwaambia?" mganga mkuu akasema. "Mhandisi ni mhandisi."

"Daktari, mimi sikujua kitu, ni baba huyu…" binti alianza, lakini mganga mkuu alishatoka. Nilitamani nimrushie kiatu.

Mzee akatoa bisibisi yake mfukoni, akamkabidhi binti bila kumtazama.

"Waya huo huharibika kila baada ya miezi sita," akasema. "Andika mahali."